Barua ya wazi kwa Tume ya Uchaguzi na Bunge: tuonyesheni mpaka kabla ya kura

Kwa Mwenyekiti na makamishna wa Tume ya Uchaguzi, kwa Spika na wabunge wa Bunge la Uganda, na kwa Waziri wa Serikali za Mitaa.

Waheshimiwa,

Nawaandikia kutoka Bweyale, kwenye barabara ya Kampala kwenda Gulu, wilaya ya Kiryandongo. Kazi yangu ni kununua na kuuza mahindi. Katika chaguzi mbili nimekaa kituoni kama wakala wa mgombea, tangu saa moja asubuhi kura zinapoanza hadi usiku, tukihesabu kwa mwanga wa tochi. Naandika kwa Kiswahili kwa sababu ndiyo lugha ya soko letu. Hapa tuko Wachope, Wanyoro, Waacholi, Walango, Waaluri na Walugbara. Wako wajukuu wa wakulima waliohamia huku zamani kutoka Kenya. Wako Wagisu walioletwa baada ya mlima kuporomoka Bududa mwezi Machi 2010, wako wakimbizi wa Sudan Kusini, na tangu vita vya Aprili 2023 wako Wasudani waliotoka Khartoum. Soko la namna hii haliwezi kuendeshwa kwa lugha ya mtu mmoja. Katiba nayo, tangu marekebisho ya 2005, inakitambua Kiswahili kuwa lugha rasmi ya pili, kwa hiyo naamini mtanisoma.

Jambo langu ni mipaka ya majimbo. Uchaguzi wa Januari 2026 umepita. Kama ilivyo desturi, tumebaki tunagombana juu ya matokeo: fomu ya nani iliandikwa nini, nani alijumlisha vipi. Ugomvi huo una haki yake, nami nitaugusa. Lakini kila kura inahesabiwa ndani ya mstari uliochorwa na mtu, na mstari huo sisi watu wa vijijini tunakutana nao siku ya kupiga kura, wakati hauwezi tena kusahihishwa.

Nianze na mama yangu. Kijiji chake kiko katika wilaya nyingine ambayo sitaitaja. Miaka kadhaa iliyopita kiligawanywa vikawa vijiji viwili, na kijito ambacho watoto walikuwa wakichezea kikawa mpaka wa gombolola, yaani sehemu ya kaunti, na baadaye mpaka wa kaunti, yaani sehemu ya wilaya. Siku ya uchaguzi mama alivaa gomesi yake nzuri akaenda chini ya mwembe alipokuwa akipigia kura tangu 1996. Kutoka mlangoni kwake hadi mwembe ule hata mita mia tatu hazifiki. Jina lake halikuwamo kwenye daftari. Karani alikuwa kijana mwenye adabu, alitafuta mara mbili, kisha akamwambia ajaribu kituo cha ng'ambo. Ng'ambo ni karibu kwa kuangalia, lakini kijito kilikuwa kimejaa na daraja liko mbali, kwa hiyo alipanda boda boda akazunguka.

Huko jina lilikuwapo. Alipopewa karatasi ya ubunge alikuta sura za watu asiowajua. Wale waliokuja uani kwake, wakakaa kwenye mkeka wake na kumsikiliza akieleza habari ya kisima kilichoharibika, hawakuwamo. Walikuwa wagombea wa jimbo la upande wa mwembe. Alipiga kura ya rais, ya ubunge akaikunja bila alama akaitumbukiza. Jioni aliniuliza: "Mwanangu, nani alinihamisha nikiwa nimelala?"

Sikuwa na jibu. Nimelitafuta, na nililolipata ndilo linalonifanya niwaandikie.

Kifungu cha 63 cha Katiba ya 1995 hakina fumbo. Kinasema mpaka wa jimbo uchorwe ili idadi ya wakazi wake ikaribie kadiri inavyowezekana wastani wa nchi, yaani wakazi wote wa Uganda wakigawanywa kwa idadi ya majimbo. Kinaruhusu jimbo kuzidi au kupungua kwa sababu ya njia za mawasiliano, hali ya nchi kama milima na mito, msongamano wa watu, ukubwa wa eneo na mipaka ya wilaya. Kinaitaka Tume ipitie upya mgawanyo wa majimbo ndani ya miezi kumi na miwili baada ya kutangazwa matokeo ya sensa. Na kinasema mpaka ukibadilishwa, mabadiliko yaanze kutumika Bunge linapovunjwa. Sensa imefanyika Mei 2024, tukahesabiwa milioni 45.9. Tukiwagawa watu hao kwa majimbo 353 yaliyotumika mwaka 2021, wastani ni takriban watu 130,000 kwa mbunge mmoja.

Ndani ya kifungu hichohicho mna mlango mwingine, na huo ndio unaotumiwa zaidi. Kila kaunti iliyoidhinishwa na Bunge lazima iwe na mbunge angalau mmoja, na jimbo haliruhusiwi kuingia katika kaunti zaidi ya moja. Maana yake, Bunge likikubali kaunti mpya, jimbo limeshazaliwa, hata kama hakuna aliyehesabu watu. Kazi ya Tume inabaki kupokea orodha na kuchapa madaftari. Tazameni safari yetu: mwaka 1996 tulikuwa na majimbo 214, na 2001 yakabaki 214. Mwaka 2006 yakawa 215, mwaka 2011 yakawa 238, mwaka 2016 yakawa 290, na mwaka 2021 yakafika 353. Katika miaka kumi na mitano tumeongeza majimbo 138. Sensa iliyofanyika kati ya mwaka 2006 na 2021 ni moja tu, ya 2014.

Kama kaunti hizo zote zingegawanywa kwa kufuata watu, ningenyamaza. Lakini Manispaa ya Nansana ilikuwa na watu 365,124 katika sensa ya 2014, na Manispaa ya Kira 317,157. Kila moja ilikwenda kwenye uchaguzi wa 2021 ikiwa na mbunge mmoja wa jimbo. Wastani wa nchi kwa hesabu ya 2014, kwa majimbo 290 yaliyotumika 2016, ulikuwa kama watu 119,400. Mtu wa Nansana basi alikuwa na theluthi moja ya sauti ya mtu wa jimbo la wastani. Nawataja watu wa mjini kwa makusudi, ili msidhani napigania shamba langu peke yake. Na sina ugomvi na ndugu zetu Waik wa Karamoja, waliochagua mbunge wao wa kwanza mwaka 2016 ingawa ni wachache sana. Wao ni kabila dogo, wanaishi mlimani mpakani na Kenya, na bila jimbo lao wangeendelea kusemewa na wengine. Hiyo ni sababu inayoweza kusimamishwa hadharani na kila mtu akaielewa. Ninachouliza ni sababu za kaunti nyingine zote ambazo hakuna aliyetusimulia.

Hapa kwetu nimeuona mgawanyo kwa macho yangu. Zamani tulikuwa kaunti moja, Kibanda, ndani ya wilaya ya Masindi. Mwaka 2010 Kibanda ikawa wilaya ya Kiryandongo. Katika uchaguzi wa 2011 bado tulikuwa jimbo moja, mbunge wetu Sam Amooti Otada. Ulipofika uchaguzi wa 2016 tulikuwa majimbo mawili, Kibanda North na Kibanda South, na upande wa North akachaguliwa Taban Idi Amin, kisha mwaka 2021 Linos Ngompek. Sensa ya 2014 iliikuta wilaya nzima na watu 266,197. Ukigawa kwa mbili, kila jimbo lina kama watu 133,000, juu kidogo ya wastani wa wakati ule. Kwa hiyo mgawanyo wetu ulikuwa wa haki. Nausema wazi ili msije mkasema kila mwenye kulalamika juu ya mipaka ni mtu aliyeshindwa uchaguzi. Lakini hata sisi, ambao hesabu ilitukubali, hatukuonyeshwa ramani. Tuliambiwa na redio kwamba tumekuwa wawili.

Nataka mwelewe pia kwa nini vijijini kaunti mpya hupigiwa ngoma. Mtu wa Kampala huenda akafikiri ni tamaa ya wanasiasa tu. Kuna tamaa, ndiyo. Lakini mpango wa afya wa serikali uliweka Kituo cha Afya cha daraja la nne kwa kila kaunti, chenye chumba cha upasuaji, kwa makadirio ya watu laki moja. Daraja la tatu liko kwenye gombolola, daraja la pili kwenye parishi, iliyo ndogo kuliko gombolola. Mwanamke akishindwa kujifungua usiku, tofauti ya daraja la tatu na la nne ni tofauti ya kupasuliwa na kutopasuliwa. Sasa mwambieni mume wake kwamba kaunti mpya ni mzigo kwa bajeti ya Bunge. Atakujibu kwamba yeye hakuomba mbunge, aliomba chumba cha upasuaji, na njia pekee aliyoonyeshwa ya kukipata ni kuomba kaunti.

Ni vivyo hivyo na fedha za Mpango wa Maendeleo wa Parishi uliozinduliwa Februari 2022. Tangu mwanzo wake kila parishi ilitengewa shilingi milioni 100 kwa mwaka, iwe ilikuwa na watu wengi au wachache. Mwenye hesabu yoyote ataona kwamba parishi ikigawanywa mbili, milioni zinakuwa mia mbili. Ndiyo maana wazee wetu, watu wenye busara na wasiotaka ugomvi na mtu, wanatia sahihi kwenye kila ombi la kugawanya parishi, gombolola na kaunti. Hawawazi kura hata kidogo, wanawaza mkopo wa mbegu na nguruwe. Kisha mistari hiyohiyo iliyochorwa kwa ajili ya nguruwe inakuja kutumika kuamua nani aende Bungeni.

Mheshimiwa Waziri, hili ni lako. Mkitenganisha huduma na mipaka, mkagawa dawa, madaktari na fedha kwa idadi ya watu, hamu ya kukatakata nchi itapungua kwa kiasi kikubwa. Watu wakishapata zahanati hawatamani ubao mwingine ulioandikwa makao makuu ya gombolola.

Kuna swali jingine linaloihusu Kiryandongo kuliko wilaya nyingi. Katiba inasema wakazi, haisemi wapiga kura. Mkimbizi ni mkazi. Hapigi kura, lakini anakunywa maji ya kisima kilekile, mtoto wake anakaa dawati moja na mtoto wangu, na akiugua anapanga foleni nyuma yangu. Mbunge wa jimbo lenye kambi anabeba mzigo huo wote, ingawa nusu ya wanaomlilia hawana kura ya kumpa wala ya kumnyima. Naamini kuwahesabu ni sawa. Lakini nimesikia mabishano ya maneno makali juu ya jambo hili hapa sokoni, wenyeji wakisema wakimbizi wanatumiwa kuongeza hesabu, wakimbizi wakisema hawakuomba kuhesabiwa. Kauli moja ya wazi kutoka kwa Tume, inayoeleza ni watu gani wanaingia kwenye wastani na kwa nini, ingetuokoa na chuki ambayo haina sababu.

Waheshimiwa makamishna, msidhani mpaka ukikosewa madhara yake ni kumchosha mama wa kijijini peke yake. Mnaikumbuka Soroti. Katika uchaguzi wa 2021 Moses Attan wa chama cha upinzani cha FDC alitangazwa mshindi wa Soroti City East. Mwaka 2022 Mahakama ya Rufani ikaufuta uchaguzi ule, na kiini cha kesi kilikuwa kata mbili, Opiyai na Aloet, ambazo wapiga kura wake waliwekwa upande wa West ilhali walistahili kuwa East. Kura ikarudiwa 28 Julai 2022, na Herbert Ariko wa chama tawala cha NRM, aliyekwenda mahakamani, akashinda. Chama gani kilipata au kilipoteza si hoja yangu hapa. Watu wa kata mbili waliamka asubuhi, wakapanga mstari, wakapaka wino vidoleni, na kura zao zikaenda kwa jimbo lisilo lao. Ilichukua mwaka mzima na zaidi, mawakili na gharama za uchaguzi mwingine, kusahihisha kosa ambalo mzee yeyote wa Opiyai angeliona kwa dakika moja kama angeonyeshwa ramani mapema.

Tena Soroti alikuwapo mgombea mwenye uwezo wa kwenda mahakamani. Mpiga kura wa kawaida akitaka kupinga matokeo ya ubunge kwa jina lake anahitaji sahihi za wapiga kura wasiopungua 500, na anayo siku 30 tu tangu matokeo yachapishwe kwenye gazeti la serikali. Katika vijiji vya huku, ambako kutoka parishi moja hadi nyingine ni siku nzima kwa baiskeli, sahihi 500 ndani ya siku 30 ni kazi ya mtu aliyeacha kulima.

Juu ya matokeo yenyewe nitasema kwa ufupi. Sheria inataka nakala ya fomu ya DR, yaani ya kutangaza matokeo ya kituo, ibandikwe kituoni, nakala nyingine wapewe mawakala, nyingine ifungiwe ndani ya sanduku. Inataka pia kura zihesabiwe upya pale tofauti ya mshindi na anayemfuata inapokuwa chini ya kura 50. Sheria hizo ni nzuri. Naomba matokeo ya ubunge ya kila kituo, kwa jina la kijiji na parishi, yapatikane kwenye ofisi ya wilaya kwa mtu yeyote anayeyaomba, yakiwa pamoja na yale ya 2016 na 2021. Hapo ndipo mpiga kura ataweza kuona kituo chake kilihamia jimbo gani na mwaka gani. Matokeo bila ramani hayanisaidii kumjibu mama.

Majirani zetu wa Kenya waliandika kwenye katiba yao ya 2010 kwamba majimbo ni 290, na kwamba jimbo la kawaida lisizidi wala kupungua wastani kwa zaidi ya asilimia 30, huku miji mikubwa na maeneo yenye watu wachache yakiruhusiwa asilimia 40. Wao nao wamechelewa, mara ya mwisho walikamilisha kazi hiyo mwaka 2012. Lakini Mkenya akilalamika ana namba ya kushika mkononi. Katiba yetu inasema "kadiri inavyowezekana" na kuishia hapo. Wabunge wetu, wekeni kiwango. Mkiona asilimia 30 haitufai kwa sababu ya Karamoja au visiwa vya Kalangala, semeni nyingine, tuijadili. Na Bunge lisipitishe kaunti yoyote mpya kabla Tume haijatoa hesabu ya watu wake mbele ya kamati, hadharani.

Kwa Tume ombi langu ni hili. Bunge limeanza muhula na kuvunjwa kwake kuko mbali, kwa hiyo mna nafasi ambayo hamtaipata tena mwaka mmoja kabla ya uchaguzi. Fanyeni mapitio ya majimbo kama Katiba inavyowaagiza baada ya sensa, lakini safari hii mje nayo mpaka parishini. Madaftari ya wapiga kura mnayaweka wazi kwa siku zisizopungua 21 ili watu wakague majina. Fanyeni hivyo kwa mipaka. Mje na ramani inayoonyesha vijito, barabara za murram, shule na makanisa, kwa sababu hatusomi mistari ya latitudo. Mwite mkutano, mwandike nani alipinga na kwa nini. Mtueleze pia kwamba kifungu cha 64 kinamruhusu mtu asiyeridhika na mpaka kukata rufaa kwenye baraza la watu watatu wanaoteuliwa na Jaji Mkuu, na baada ya hapo Mahakama Kuu. Nimewauliza wenzangu ishirini na zaidi sokoni, na hapana hata mmoja aliyewahi kusikia kwamba haki hiyo ipo.

Kijiji kikihamishwa kutoka jimbo moja kwenda lingine, wakazi wake wajulishwe mmoja mmoja, kwa ujumbe wa simu na kwa mwenyekiti wa LC1, yaani wa halmashauri ya kijiji, kupita nyumba kwa nyumba, kabla wagombea hawajateuliwa. Wagombea wakishateuliwa mtu ameshajua nani wa kumwalika kwenye mkeka wake.

Na maelezo yote yatoke kwa Kiingereza, kwa lugha za wenyeji na kwa Kiswahili. Yakifika Bweyale, naomba ramani isibandikwe ndani ya ofisi ya halmashauri ya mji. Ibandikwe sokoni, kwenye ukuta ulio mkabala na safu ya wauza mihogo, na iwekwe chini kidogo, ili mama aliyekaa chini na bidhaa zake aweze kukiona kijiji chake bila kusimama.

Wenu,
Mpiga kura na mfanyabiashara wa mahindi,
Bweyale, Kiryandongo